Sarafu Niliyoipeleka Awasi

Jembe liligonga kitu kidogo kikalia, nikadhani ni kifuniko cha soda. Nilikuwa nasawazisha mahali pa kukalisha tangi la maji. Mpwa wangu anayefanya kazi Kisumu alikuwa ameninunulia tangi la plastiki ili niache kubeba ndoo kutoka ziwani, na fundi alikuwa ameagiza ardhi iwe tayari kabla hajaja. Nilichagua pale palipokuwa na nyumba yangu ya kwanza, nyumba ya udongo iliyoanguka zamani nikiitazama bila kuizuia. Nilikuwa nimeng'oa nusu ya jiwe la kusagia nikalitupa kando, na chini yake ndipo kile kitu kilipolia.

Kilikuwa cha mviringo, kipana kuliko sarafu yetu ya shilingi ishirini, kimevaa kutu ya kijani. Nilikiosha kwa maji, hakikubadilika. Nikakipaka ndimu na majivu, nikakaa kwenye kigoda nikisugua kwa kidole gumba. Upande mmoja likatokea taji. Chini ya taji kulikuwa na herufi tatu na tarakimu zilizolika. Upande wa pili kulikuwa na matawi mawili yaliyopinda, na katikati yake namba ishirini. Nikaacha kusugua.

Ili mtu aelewe kwa nini mzee aache kazi yake kwa kipande cha chuma, lazima nieleze kosa langu.

Babu yangu alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya jeshi katika vita vyao na Wajerumani, upande wa Tanganyika. Wengi kutoka vijiji vyetu vya ziwani hawakurudi. Yeye alirudi mifupa mitupu, na kwenye pindo la nguo yake alikuwa amefunga kitu kimoja tu, sarafu ya manjano. Alimwachia baba, na baba akaniachia mimi, kifungua mimba wake. Ilikaa ndani ya kibuyu kidogo juu ya kabati. Nyumbani tuliamini ni dhahabu. Hakuna aliyewahi kuipeleka kwa mtu anayejua, kwa sababu mtu anayejua angeweza kusema si dhahabu. Mimi niliyefika kidato cha nne, karani wa bohari mjini Kisumu, ndiye niliyeamini kuliko wote. Nikishakunywa niliwatangazia wenzangu kwamba kwetu Usenge kuna dhahabu ya Wajerumani.

Mke wangu nilimwoa kutoka Awasi. Katika miaka mitatu ya kwanza tulipoteza mimba mbili. Mimi nilikuwa Kisumu siku sita za juma, na yeye alikuwa Usenge na mama yangu, wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni asubuhi na kulima jua likipungua. Alipopata mimba ya tatu sikuwa mtu wa kumwuliza ameamkaje. Nilikuwa mtu wa kuuliza chakula kiko wapi.

Jumamosi moja nilirudi na rafiki niliyemwahidi kumwonyesha dhahabu. Nikashusha kibuyu, nikakigeuza juu ya kiganja. Hakukudondoka kitu. Rafiki yangu akatabasamu.

Kaka wa mke wangu alikuwa ametutembelea siku chache kabla. Hilo lilinitosha.

"Umempa ndugu yako," nilimwambia mke wangu.

"Sijampa."

"Basi iko wapi?"

Akanyamaza. Akatazama upande wa jikoni, alikokuwa mama, halafu akatazama chini. Ule ukimya niliuhesabu kuwa ni kukiri. Huko jikoni mama alikuwa akipuliza moto, na hakutoka.

Yote niliyoyasema siku ile sitayaandika. Moja nitaliandika. Nilisema kwamba tumbo lisiloweza kushika mtoto limeweza kushika mali yangu. Nililisema mbele ya rafiki yangu, na rafiki yangu akacheka. Mke wangu aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye leso, akaondoka na mimba ya miezi minne. Sikumsindikiza hata hadi langoni.

Hiyo ni miaka arobaini na minne iliyopita.

Kwetu mwanamume huanza maisha ndani ya boma la baba yake, kisha wakati ukifika huhama akajenga boma lake mwenyewe, dala, na hawezi kuingia humo bila mke wake wa kwanza kuingia naye, amebeba moto. Ndiyo maana mimi, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, bado naishi ndani ya dala la baba kama kijana anayesubiri kuoa. Wadogo zangu waliningoja, kwa sababu mdogo hatakiwi kumtangulia mkubwa. Mwishowe wakaitisha kikao, wakaniruka mmoja baada ya mwingine, na sikuweza kuwalaumu. Nilijaribu kuishi na mwanamke mwingine mjini. Haikudumu. Mahari ya yule wa Awasi haikurudishwa, kwa hiyo kwa mila alibaki mke wangu, na mimi nilibaki mume wa mtu nisiyemwona. Alizaa msichana huko kwao. Nilisikia kwa watu. Nikatuma nguo za mtoto, zikarudi zikiwa zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi.

Mama alipofariki mke wangu alikuja, kama mke wa mwana anavyopaswa. Alilia juu ya jeneza kuliko dada zangu, hata wanawake wakanong'ona kwamba anaigiza. Alipika, akaosha masufuria ya watu mia, akaondoka asubuhi ya siku ya tatu. Katika siku hizo nilipita karibu naye mara nyingi, maneno yakiwa mdomoni, nikayameza. Nilikuwa nangoja aanze yeye.

Sasa lile taji lilipotokea chini ya kidole changu nilitaka kitu kimoja, kujua kama sarafu hii ndiyo ile. Kama ndiyo, basi haikuwahi kufika Awasi. Ilikuwa chini ya miguu yangu muda wote, na ningekuwa na neno la kumwendea nalo. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimetaka nipatikane na haki. Safari hii nilitamani nipatikane na hatia. Lakini sikuwa na hakika. Nilishangaa jinsi nilivyoikumbuka kidogo sarafu niliyoivunjia nyumba. Nilikumbuka rangi yake na fahari yangu, basi. Na babu hakuwa mtu pekee kijijini aliyetoka vitani na kitu kwenye pindo. Mtu yeyote angeweza kuangusha cha kwake katika udongo ule.

Nilianzia soko la Kibuye, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanamume mnene aliyezaliwa Nyeri na kukaa Kisumu hadi akajua kutukana kwa Kijaluo. Aliikwaruza ukingoni kwa msumari.

"Hii ni shaba, Mzee. Ile ya manjano, ya kutengeneza koki za mifereji ya maji."

"Si dhahabu?"

"Dhahabu!" Akamgeukia jirani yake aliyekuwa akishona viatu. "Bwana, kuja uone! Mzee, jaduong' wetu, ameleta dhahabu kwa mizani ya vyuma!"

Mshona viatu hakuinua kichwa. "Kama ni dhahabu, mwambie mimi niko na dada hajaolewa."

"Huyu? Huyu ataolewa yeye!"

Walicheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua uso wangu niufanye nini. Shaba ya mifereji. Mnunuzi aliponiona nimeshika meza akanivutia kiti.

"Usikasirike, Baba. Hii hata sitaki kukununulia. Iko na maandishi, na kitu iko na maandishi si ya kuyeyusha. Tafuta watu wamesoma, huko Maseno."

Maseno nilielekezwa kwa mwalimu mstaafu wa historia, mwanamke mfupi anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake. Aliiweka sarafu juu ya gazeti, akawasha taa ya simu, akainama na kioo cha kukuzia kwa muda mrefu hivi kwamba kuku mmoja aliingia sebuleni na kutoka.

"Unajua vita vilipokolea, Wajerumani walikatiwa njia ya bahari," alisema. "Pesa kutoka kwao haikuweza kufika. Wakajitengenezea wenyewe, Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba yoyote waliyopata, hata maganda ya mizinga. Hizi herufi tatu ni koloni lao kwa Kijerumani. Hii T ndogo hapa chini ni Tabora. Na hii ni heller ishirini. Ukisikia Watanzania wanasema hela, neno lilitoka hapa."

Nilimwuliza kama ni adimu.

"Si adimu hivyo. Walipiga nyingi sana. Mpagazi aliyefika Tabora angeweza kuiokota."

"Babu yangu alikuwa mpagazi. Alikuwa na ya namna hii."

"Basi hii ni ya namna hiyo." Akazima taa. "Lakini Mzee, mimi naweza kukuambia ilikotengenezwa. Siwezi kukuambia ilikuwa ya nani. Babu yako hakuandika jina lake hapa. Mbali na wewe, nani mwingine aliyekuwa akiishika?"

"Mmoja."

"Bado yuko hai?"

"Yuko Awasi."

Alinitazama juu ya miwani. "Sasa hapa kwangu unatafuta nini?"

Nilikaa wiki mbili nikitafuta jibu la swali hilo. Tangi lilikuja, fundi akalikalisha, nikateka maji ya bomba nikiwa nimesimama kwenye mlango wa zamani bila kufikiri ni mlango. Kisha siku moja nilivaa koti ninalovaa kanisani, nikaiweka sarafu mfukoni, nikapanda gari la Kisumu, na Kisumu nikapanda la Awasi.

Haikuwa vigumu kumpata. Niliuliza sokoni mama anayeuza maharagwe na simsim, nikaonyeshwa nyumba ya mabati nyuma ya maduka. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke wa makamo, na nilipoona paji lake la uso nikasahau salamu. Lilikuwa paji la uso la baba yangu, hata ule mkunjo katikati ya nyusi.

"Karibu, Baba," alisema. "Kaa hapa kwa kivuli, naita mama."

Aliniita Baba kama anavyomwita kila mwanamume wa umri wangu anayekuja kununua maharagwe.

Mama yake alitoka nyuma akipangusa mikono. Alikuwa amepungua, mabega yameingia ndani, lakini mwendo wake ulikuwa uleule, wa mtu asiyeharakishwa. Alisimama.

"Umezeeka," alisema.

"Hata wewe."

"Mimi nimezeeshwa na kazi. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Binti yetu alitazama uso wangu, kisha wa mama yake, akaelewa mimi ni nani. Hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini.

Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Ilibaki njiani. Nikasema tu, "Nimekuja na kitu. Nilitaka ukiangalie, uniambie kama ndicho," nikaingiza mkono mfukoni.

"Umeichimba," alisema.

Mkono wangu ukasimama.

"Mlangoni. Mkono wa kushoto ukiingia. Chini ya lile jiwe la kusagia lililovunjika."

Sikuwa nimeitoa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu jiwe, hata mwalimu wa Maseno. Nikaketi.

Alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Baada ya mimba ya pili kutoka, mama yangu alimchukua kisirisiri, wakavuka mto kwenda kwa mwanamke mwenye dawa. Mama yangu, wa umoja wa akina mama kanisani, kitambaa chake cheupe amekificha chini ya samaki ndani ya kikapu. Yule mwanamke akasema mimba ijayo itakaa kama mlangoni patazikwa kitu kilichokwenda vitani kikarudi.

"Katika nyumba yenu kilichokwenda vitani kikarudi kilikuwa kimoja. Nilipopata mimba tukaizika, mama yako akichimba, mimi nikimulika. Tungeitoa mtoto akizaliwa. Tulijua hutaiulizia. Kibuyu ulikuwa hukitazami mpaka upate mgeni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimseme mama mkwe mbele ya mgeni wako? Wangemtenga kanisani. Nilikuwa nangoja aseme yeye."

"Hakusema."

"Hakusema. Alikuja hapa mtoto akiwa na mwaka mmoja. Alipiga magoti hapo, hapo alipokaa huyu. Nilimwinua. Kwa hiyo usianze kumtupia lawama yeye. Naona ulikuwa unaelekea huko."

Nilikuwa naelekea huko. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kumgawia mama fungu lake, nikiona langu linavyopungua. Aibu ilimfunga mama mdomo, ni kweli, na aliibeba hadi kaburini, na sasa nilijua yule aliyelia juu ya jeneza lake alikuwa akimlilia mtu waliyeshiriki siri. Lakini mama hakusema lolote kuhusu tumbo. Lile neno lilikuwa langu, na hakuna aliyelitia kinywani mwangu.

Nikalitaja. Nikalirudia lote, mbele ya binti yetu, kama nilivyolisema, ili asije akadhani naomba msamaha kwa jambo dogo. Nikasema nilikosa, na nilikosa tena kila mwaka niliokaa bila kuja.

"Nalikumbuka," mke wangu alisema. "Hata kicheko cha rafiki yako nakikumbuka."

Binti yetu alinyosha mkono. Nikampa sarafu. Aliipima kiganjani, akaigeuza.

"Kwa hiyo ndiyo iliyonizuia mimi nisitoke?"

"Aliyekuzuia ni Mungu," mama yake alisema. "Hiyo ilikuwa ya bibi yako kupata usingizi."

Tukacheka, wote watatu, kwa ghafla, na kwa muda ule mfupi tulikuwa watu wa nyumba moja. Niliuona mdomo wa mke wangu ukicheka na nikakumbuka ufuo wa Usenge asubuhi, yeye akitandaza omena kwenye nyavu, akinicheka kwa sababu nilikuwa naogopa kuchafua viatu vya kazini. Nilikuwa na mambo hayo. Nilikuwa nayo mkononi.

Kicheko kilipokwisha nikathubutu. Nikamwambia bado niko ndani ya dala la baba. Nikamwambia kama angekubali, tungejenga, hata kama ni nyumba ya chumba kimoja, hata kama tumebakiwa na mwaka mmoja.

Alivuta kiti akakaa, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Nikuulize. Kama jembe lako lingepita kando, ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa na sauti ya kusema ndiyo, na uso wake ulikuwa karibu. Lakini niliyajua maisha yangu.

"Singekuja," nilisema. "Ningekuwa bado nangoja uanze wewe."

"Haya," alisema. "Ungenidanganya ningekutoa hapa kwa ufagio."

Akamwambia binti yetu alete maji. Nilinawa, binti akinimiminia, nikala ugali na maharagwe, na samaki mdogo aliyekuwa amewekewa mtu mwingine. Mke wangu aliniambia nikiwa nakula, bila hasira, kwamba hatakuja kujenga. Siku akifa watakuja watu wa ukoo, atapelekwa Usenge, azikwe kwangu, na hilo haliko mikononi mwake wala mwangu. "Nitalala huko siku nyingi tu," alisema. "Nikiwa hai wacha nikae mahali nilipojijengea." Nikasema naelewa. Nilielewa, nikamaliza ugali.

Sarafu nilimwachia binti. Aliniuliza kama anaweza kunipigia simu, nikaandika namba yangu nyuma ya karatasi ya maharagwe, kwa mwandiko wangu wa karani, nikarudia kila tarakimu mara mbili.

Mke wangu alinisindikiza hadi barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, kidogo nyuma yangu. Gari lilipopunguza mwendo alinishika kiwiko nipande.

"Nenda salama, Jaduong'," alisema.

Hivyo ndivyo anavyoitwa mzee yeyote. Kwetu mke humwita mumewe kwa jina la mtoto, baba wa fulani, na alikuwa na jina la mtoto la kuniitia, mtoto alikuwa nyumbani akiosha vyombo. Nikakaa karibu na dirisha nikingoja, labda litamtoka. Kondakta akagonga bodi. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama ukingoni mwa lami, mkono juu ya macho kukinga jua. Sijui kama alikuwa akinitazama, au alikuwa akingoja nafasi ya kuvuka.